Gustave Eiffel na miguu ya munara wake

Munara wa Paris, watu wengi wanaujua kwa picha: chuma cha metre 300 chenye kusimama karibu na muto Seine. Kila mutu anaangalia juu. Lakini tangu mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa 6 wa mwaka wa 1887, ku shantie ya ule munara hakukuwa kitu cha kuangalia juu. Kulikuwa paka mashimo. Miezi mitano yote watu walichimba, wakamwaga beto, wakapanga majiwe, na hakuna hata chuma kimoja cha munara chenye kilisimamishwa. Mutu mwenye aliongoza kazi namna ile alikuwa na miaka 54, na alikuwa ametia feza yake mwenyewe ndani. Jina lake Gustave Eiffel. Sisi wenye tunaishi kwa kuchimba, maisha yake yanatuhusu kuliko tunavyofikiri. Na mutu mwenye anapanga kusimamisha hangari ya vyuma mu lupango yake, naye atapata kitu hapa.

Alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 12, 1832, mu muji wa Dijon, Ufaransa. Jina la jamaa lilikuwa Bonickhausen. Eiffel lilikuwa jina la kuongeza, lenye lilitoka ku vilima vya Eifel kule Ujerumani, na ni mu 1880 tu njo sheria ilimuruhusu abakie na jina Eiffel peke yake. Baba yake alikuwa amefanya kazi ya uaskari. Mama yake, Catherine Moneuse, alikuwa mama wa biashara: aliuzisha makala, kisha akaongeza makala ya majiwe, na ile biashara njo iliinua jamaa yote. Basi hata kule mwanzo kabisa, huyu mutu alikula chakula chenye kilitoka mu shimo la wachimbaji.

Ku Paris alijaribu kuingia mu masomo ya Polytechnique, hakupita. Akaingia École Centrale, akatoka mu 1855 na diplome ya kemia. Jamaa ilikuwa imemupangia kiwanda cha siki cha mukubwa mumoja wa jamaa, lakini wale wakubwa wakagombana juu ya siasa, na ule mulango ukafungwa. Pengine ugomvi ule uliwapa Wafaransa munara. Kijana akatafuta kazi kwingine, akaipata kwa injenieri Charles Nepveu, mutengenezaji wa vyombo vya reli.

Kampuni ya Nepveu ilikuwa na shida ya feza. Kampuni moja ya Wabeleji ikakamata kazi zake. Ni kwa Wabeleji hawa njo Eiffel alipata shantie yake kubwa ya kwanza: daraja, ao kilalo kama tunavyosema, cha reli juu ya muto Garonne, ku Bordeaux, urefu metre 500 hivi. Mwaka ulikuwa wa 1858. Alikuwa na miaka 25.

Shida ya Bordeaux haikuwa chuma. Chuma kinahesabiwa ku meza. Shida ilikuwa nguzo za kilalo zitasimama juu ya nini, sababu ile fasi muto ni mupana na chini yake hakuna jiwe la kukanyaga karibu. Ilifaa kushuka mpaka metre 25 chini ya maji. Eiffel akatumia hewa ya kufinywa. Unashusha bomba kubwa la chuma, lenye mulango wa hewa juu na lenye kuwa wazi chini. Unasukuma hewa ndani kwa nguvu mpaka maji yanafukuzwa. Watu wanashuka, wanachimba kwa miguu mikavu, na bomba linaendelea kushuka kadiri wanavyochimba. Kisha shimo lote linajazwa beto, na ile inakuwa nguzo.

Hii namna ya kazi, wachimbaji wa makala ya majiwe njo walikuwa wa kwanza kuitumia. Karibu na mwaka wa 1840, injenieri wa migodi Jacques Triger alitaka kufikia makala yenye ilikuwa chini ya muto Loire, ku Chalonnes. Kati yake na makala kulikuwa muchanga wenye kujaa maji, na kila shimo lilifungwa na maji mbele ya kufika. Triger akasukuma hewa mu bomba la chuma, maji yakashuka, watu wakapita. Lakini aliona pia jambo lingine: wafanyakazi wamoja, kisha kutoka, walishikwa na maumivu makali mu mikono na mu magoti. Hakuna mutu alijua sababu. Ni mu 1878 tu njo munganga Paul Bert alieleza. Chini kule, hewa inaingia mu damu kwa nguvu. Mutu akipanda haraka, ile hewa inatoka kwa gafula na kufanya povu, sawa chupa ya limonade yenye kufunguliwa. Inafaa kupanda polepole. Wakati wa Bordeaux hakuna aliyelijua. Kule Marekani, ku kilalo cha Saint Louis, watu zaidi ya 10 walikufa na ule ugonjwa karibu na 1870, na injenieri mukubwa wa kilalo cha Brooklyn, Washington Roebling, alibakia kilema mu 1872. Ninaandika haya wazi sababu mu vitabu vingi vya Eiffel hesabu za chuma zinajaza kurasa, na watu wa chini ya maji wanapata mustari mumoja.

Kilalo cha Bordeaux kilimalizika mu 1860. Mu 1862 Eiffel alioa Marie Gaudelet, wakazaa watoto watano. Mu 1866 alifungua kiwanda chake mwenyewe ku Levallois-Perret, kando ya Paris.

Tangu pale mutu anaweza kufuata maisha yake kwa kuangalia miguu ya kazi zake tu. Ku Porto, Ureno, wakatafuta kilalo cha reli juu ya muto Douro. Maji yalikuwa na mbio na kina kirefu, na chini mulikuwa changarawe yenye kutembea-tembea. Wengine wangesema: tushushe bomba tena kama ku Bordeaux. Eiffel na mwenzake Théophile Seyrig walijibu kwa njia nyingine: hakuna nguzo hata moja mu maji. Wakatupa upinde wa chuma wa metre 160 kutoka ngambo moja mpaka ngambo ya pili, na miguu ya upinde ikakaa juu ya majiwe ya ngambo. Kwa hiyo fondasio ya muzuri ya ule muto ilikuwa kutokuwa na fondasio mu muto. Kilalo kilifunguliwa mu 1877. Mwaka ule ule Marie alikufa. Eiffel hakuoa tena. Binti yake mukubwa, Claire, akashika nyumba.

Ku Garabit, mu vilima vya Ufaransa, alifanya upinde mwingine, wa metre 165, wenye kupita zaidi ya metre 120 juu ya bonde. Pale jiwe lilikuwa karibu na miguu ikasimama juu yake. Ndani ya Sanamu ya Uhuru ya New York, yeye njo alipanga mifupa ya chuma, yenye kushikwa mu musingi wa majiwe na vyuma virefu vyenye kushuka ndani, sababu sanamu ile inapokea upepo wa bahari kama tanga la mashua.

Mu 1884 mainjenieri wake wawili, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, walichora munara wa metre 300. Waliuchora kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka wa 1889. Mwanzoni Eiffel hakuuchangamukia sana. Kisha architekte Stephen Sauvestre akaupamba, na Eiffel akaukamata kabisa. Kontra ilitiwa sahihi mwezi wa kwanza wa 1887. Serikali ilitoa faranga milioni 1 na nusu tu. Feza ingine yote Eiffel aitafute mwenyewe, na yeye avune tiketi kwa miaka 20. Jirani mumoja akashitaki, akiogopa munara utaanguka juu ya nyumba. Kazi ikataka kusimama. Eiffel akakubali kubeba hatari yote: kama kitu kinaharibika, yeye njo atalipa. Mutu mwenye amejifunga namna ile hana nafasi ya kubahatisha udongo.

Alichimbisha mashimo ya kupima, akaona hivi. Chini kabisa ya ile fasi kuko udongo wa mufinyanzi, muzito na wenye kuteleza, wenye huwezi kukalisha kitu kizito juu yake bila kuhesabu. Juu yake kuko tabaka la muchanga na changarawe, lenye linabeba muzuri. Lakini hili tabaka halikai sawasawa. Munara una miguu mine. Miwili yenye iko mbali na muto, changarawe iliikutana ku metre 7 tu, pakavu. Miwili yenye iko upande wa Seine ilikuwa juu ya fasi yenye muto ulipita zamani: juu kulikuwa vifusi na matope, na changarawe ya muzuri ilikuwa metre 5 chini ya maji.

Nyumba moja, munara mumoja, uzito mumoja ku kila mguu. Na fondasio mbili tofauti. Upande mukavu, watu walichimba kwa mupao na kwa koleo kama kila siku, wakamwaga beto metre 2, wakapanga majiwe juu. Upande wa muto, Eiffel akarudia elimu ya Bordeaux: masanduku makubwa ya chuma yasiyo na chini, urefu metre 15, upana metre 6, mane kwa kila mguu, yote munane. Hewa ikasukumwa ndani, watu wakachimba chini yake, beto ikamwagwa juu ya dari ili uzito uyashushe. Kwa bahati kina hakikuwa kirefu. Metre 5 za maji hazifinyi mwili kama metre 25.

Kila mguu una kona ine, kwa hiyo kuko mafungu 16 ya majiwe, na kila fungu lilijengwa kwa kuinama, kufuata namna mguu unavyoinama. Sababu munara hausukumi chini tu, unasukuma kwa pembeni pia, na fungu lenye kusimama wima lingesukumwa. Upana wa chini ulihesabiwa hivi kwamba udongo ufinywe na kilo 4 na nusu hivi kwa kila sentimetre ya mraba. Ni karibu sawa na mutu muzima mwenye kukaa ku kiti chenye miguu minyembamba. Chuma chote cha munara ni tone 7300, na udongo unakiona sawa mutu ku kiti!

Mu kila fungu walizika bulo mbili za urefu wa metre 7 na sentimetre 80, unene sentimetre 10. Hesabu ilionyesha kwamba uzito wa munara peke yake unatosha kuushikilia upepo ukivuma. Eiffel akaziweka tu. Zilimusaidia pia wakati wa kusimamisha vyuma. Hapa ninasimama kidogo, sababu ni fasi yenye wajengaji wetu wengi wanakosea. Nyumba ya matofali ni nzito, musingi wake una kazi moja: kubeba. Hangari ya vyuma na mabati ni nyepesi, na upepo wa kabla ya mvua ukiingia chini ya paa unataka kuiinua kama mwavuli. Musingi wake una kazi mbili, kubeba na kushika. Nguzo ya chuma yenye kutiwa mu kashimo ka nusu metre na beto kidogo inabeba muzuri sana, lakini haishiki kitu. Ile beto iwe nzito ya kutosha, bulo zishuke ndani yake na ziwe na kichwa cha kupinda chini. Na mwisho wa nguzo ubakie juu ya udongo, si ndani, sababu maji ya mvua yanakula chuma pale pale chini, fasi yenye mutu haangalii. Miguu ya munara pia inakaa juu ya majiwe yenye kutokea juu, si mu udongo.

Na jambo la udongo wa namna mbili, kwetu linaonekana zaidi kuliko Paris. Mu lupango moja, kona moja inakuwa juu ya udongo mugumu mwekundu, kona ingine juu ya fasi yenye ilichimbwa zamani na kujazwa, ao kichuguu chenye kilisawazishwa juzi. Fundi anapiga mashimo yote kwa kipimo kimoja, metre moja kila kona, juu karatasi inasema metre moja. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili kona moja inashuka, mulango haufungi, mabati yanang'oa misumari. Kila kona ishuke mpaka fasi ya kubeba inapopatikana, hata kama kona moja itakuwa metre 1 na ingine metre 3. Na kama chini kuko tundu la wachimbaji, hakuna beto ya kulifunika. Inafaa kulijaza kwanza ao kuhama.

Tarehe 14 mwezi wa 2, wakati mashimo yangali wazi, wasanii na waandikaji wakubwa wa Paris walitangaza mu gazeti Le Temps kwamba ule munara utaharibu muji. Kazi ikaendelea. Tarehe 1 mwezi wa 7 chuma cha kwanza kilisimama. Kwa wenye kupenda usawa: si acier ya leo, ni fer ya zamani, kutoka viwanda vya Pompey, lakini kwa musingi hesabu ni ile ile.

Chini ya kila kona Eiffel aliacha nafasi ya mashini ya kuinua, yenye kutumia maji ya kufinywa, kila moja na nguvu ya tone 800. Alijua kwamba hata kazi ya muzuri inakosa kwa milimetre chache, na miguu mine yenye kutoka fasi ine inafaa kukutana sawasawa ku gorofa ya kwanza. Mwezi wa 12 wa 1887 ilikutana. Walipandisha ao kushusha kidogo, wakatia vipande vya chuma chini, matundu ya riveti yakaonana. Kisha pale kwenda juu ilikuwa kazi ya subira: vipande 18,038, riveti milioni 2 na nusu.

Watu waliifanya juu ya upepo na baridi. Mwezi wa 9 wa 1888 waliacha kazi, wakiomba waongezewe mushahara. Eiffel akaongeza. Mwezi wa 12 wakaacha tena, wakisema hatari inaongezeka kila siku munara unapopanda. Mara hii alikatala: kwake, kuanguka kutoka metre 40 ao metre 300 ni kifo kile kile. Akaahidi faranga 100 kwa kila mutu mwenye atabakia mpaka mwisho, na wenye hawakurudi akawafukuza. Hesabu yake ya kifo ilikuwa ya kweli. Lakini mutu mwenye ameshika chuma cha barafu kule juu asubui, hahesabu vile, na kila mutu mwenye amekwisha kushuka mu shimo refu anajua.

Tarehe 31 mwezi wa 3, 1889, munara ulimalizika. Tiketi za mwaka ule zilirudisha feza yake karibu yote. Pale pale shida ikaingia kutoka upande mwingine. Alikuwa amekamata kontra ya milango ya maji ya mufereji wa Panama. Kampuni ya mufereji ikaanguka mu 1889, watu wengi wakapoteza akiba yao, na mu 1893 tribinali ikamuhukumu miaka 2 ya gereza na faranga 20,000. Tribinali ya juu ikafuta hukumu miezi michache nyuma. Lakini alikuwa amechoka. Akaacha kampuni, na hakujenga tena.

Akakamata upepo, adui yake wa zamani. Mu 1909 alijenga chini ya munara nyumba ya kupima nguvu ya upepo, yenye ilisaidia watu wa ndege. Mwaka ule ule miaka 20 ya kontra ilikuwa inamalizika, na munara ungeweza kubomolewa. Radio ya askari njo iliuokoa: tangu 1903 Eiffel alikuwa amemufungulia kapiteni Gustave Ferrié afanyie majaribio yake pale juu. Kontra ikaongezwa miaka 70, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza, 1910.

Mwezi ule ule Seine ilijaa namna Paris haikuwa imeona kwa zaidi ya miaka mia mbili. Maji yaliingia mu barabara, mu stasio za reli, mu nyumba za chini. Ile miguu miwili ya upande wa muto, juu ya masanduku yake munane, haikusogea. Eiffel alikuwa na miaka 77. Alikufa ku Paris tarehe 27 mwezi wa 12, 1923, na miaka 91, wakamuzika ku Levallois-Perret, muji ule ule wenye kiwanda chake kilifanya vipande vya munara.